Asilimia tisini ya nani?

Siku dada yangu alipotoka kuchukua majibu aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza kansa ni nini, wala kama titi litakatwa. Alisema, "Wewe ndiye mtu wa hesabu. Ni asilimia ngapi?"

Nikamjibu upesi, kwa pupa ya mtu anayetaka kufariji: tisini. Nilikuwa nimeisoma dakika kumi kabla, kwenye simu, nimeegemea ukuta wa koridoni. Wanawake 90 katika kila 100 wanaogunduliwa na saratani ya matiti huwa hai miaka 5 baadaye. Dada akaitikia kwa kichwa, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mkobani. Tulipofika mlangoni akasimama. "Tisini ya nani, mdogo wangu?"

Nikakosa la kusema. Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu. Mteja akiniletea asilimia bila kuniambia ni ya kiasi gani, simwachii hata avute kiti. Na hapo nilikuwa nimempa dada yangu wa tumbo moja asilimia inayoning'inia hewani, haina mwenyewe. Miaka 7 imepita. Nimekuwa nikimjibu vipande vipande, mara kwenye simu, mara tukiwa kwenye foleni ya kliniki, na hapa najaribu kuviweka vipande hivyo pamoja.

Nianze na idadi yenyewe. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na shirika lake la utafiti wa saratani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa na saratani ya matiti, na 670,000 walikufa kwayo. Mwaka 2020 ilikuwa imeipita hata saratani ya mapafu kwa idadi ya wagonjwa wapya, wanawake na wanaume wakihesabiwa pamoja. Miaka 2 baadaye ya mapafu ikarudi juu. Wanaume nao huugua saratani ya matiti, ila hawazidi mmoja katika kila wagonjwa 100.

Hizo namba mbili, za wanaougua na za wanaokufa, watu huzisoma kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na mara nyingine hata hazielekei upande mmoja. Katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke mmoja kati ya 12 atagunduliwa na saratani ya matiti maishani mwake, na mmoja kati ya 71 atakufa kwayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, anayegunduliwa ni mmoja kati ya 27 tu, lakini anayekufa ni mmoja kati ya 48. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea mstari, nikarudi kusoma upya. Wanaougua wachache zaidi, wanaokufa wengi zaidi. Ukigawa kienyeji, kwa kalamu na karatasi tu, kule juu katika kila wanawake sita wanaougua anakufa mmoja hivi. Kule chini wanakufa zaidi ya nusu.

Nilimsomea dada. Akasema, "Kwa hiyo ugonjwa ni uleule, ila mgonjwa si yuleyule."

Kwa nini wengine waugue zaidi? Hili ni swali la zamani kuliko hospitali nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 18 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba watawa wa kike walikuwa wakiugua saratani ya matiti kupita wanawake wengine. Sababu aliyoitoa yeye haikuwa sahihi, ila macho yake yaliona kitu cha kweli. Mwaka 1926 daktari Mwingereza, Janet Lane-Claypon, alichapisha utafiti uliolinganisha wanawake 500 wenye saratani ya matiti na wengine 500 wasiokuwa nayo, akiwauliza kila mmoja kuhusu ndoa, uzazi na unyonyeshaji. Njia hiyo ya kumweka mgonjwa kando ya asiyeugua, kisha kuwauliza wote wawili maswali yaleyale, leo ndiyo inayotumika kila mahali. Majibu yake yanasimama mpaka sasa: kutozaa, kuchelewa kuolewa na kutonyonyesha vilikuwa upande wa wanaougua. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha tafiti 47 kutoka nchi 30 wakapata kipimo: kila mtoto unayemzaa hupunguza hatari kwa takribani asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza asilimia 4 nyingine na kidogo.

Ongeza pombe, uzito mkubwa baada ya kukoma hedhi, na homoni zinazotolewa kutuliza maudhi ya ukomo huo. Hilo la homoni lilijionyesha waziwazi Marekani. Mwaka 2002 utafiti mkubwa ulitangaza kwamba mchanganyiko wa homoni hizo unaongeza saratani ya matiti. Mamilioni ya wanawake wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata wagonjwa wapya wakapungua kwa karibu asilimia 7. Ni nadra takwimu ya nchi nzima kutii upesi namna hiyo.

Lakini hapa nina jambo langu la kusema, maana nimeona jinsi namba hizi zinavyogeuzwa fimbo. Dada alizaa wawili, akawanyonyesha wote, pombe haijui. Akaja mtu kumjulia hali, akakaa, akauliza, "Ulikuwa unavaa sidiria za kubana?" Mwingine akauliza kama aliwahi kutoa mimba. Hayo yote mawili hayana ushahidi wowote, na hata yangekuwa nao, hilo si swali la kumuuliza mtu aliyelala na mrija kwapani. Karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na sababu yoyote inayotambulika zaidi ya kwamba ni wanawake na wamepita miaka 40. Wenye kurithi jeni iliyoharibika, kama BRCA1 na BRCA2 zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, hawazidi mmoja katika kila wagonjwa kumi. Kwa mwenye jeni hiyo hatari ni kubwa kweli. Kwa walio wengi, hatari ni kwamba wameishi.

Kuna na ile "mmoja kati ya wanane" inayozungushwa kila mwezi wa Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti. Ni ya Marekani, na ni jumla ya maisha yote mpaka uzeeni. Mwanamke wa huko mwenye miaka 40 akijiuliza kuhusu miaka 10 inayofuata, jibu lake ni mmoja kati ya 65 hivi. Nimewaona wanawake wamekaa wanane mezani, wanatazamana, wanajiuliza ni nani. Hesabu haifanyi kazi hivyo.

Sasa turudi kwenye tisini.

Tisini ile ilikuwa ya wanawake wa nchi tajiri. Kwa wanawake waliogunduliwa kati ya 2010 na 2014, waliofikisha miaka 5 India walikuwa asilimia 66, Afrika Kusini 40. Utafiti mmoja uliofuatilia wanawake wa nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Namibia, Nigeria, Uganda na Zambia, ulichapishwa mwaka 2020: baada ya miaka 3, nusu tu ndio walikuwa hai. Kwa kupata namba hiyo tu, watu walikaa na simu wakiwapigia wagonjwa au ndugu zao kila baada ya miezi 3, miaka nenda rudi. Hiki ni kitu ambacho sisi wasomaji wa asilimia hatukioni. Ili useme wangapi wamenusurika lazima ujue nani amekufa, na pasipokuwa na rejista nzuri, mgonjwa aliyeacha kuja kliniki huwa ni alama ya kuuliza tu kwenye faili.

Na hata ndani ya nchi moja tajiri, tisini si ya kila mtu. Marekani, wanawake weusi huugua saratani ya matiti kidogo kuliko weupe, lakini hufa kwayo kwa kiwango kilicho juu kwa karibu asilimia 40. Sehemu ya tofauti hiyo ni aina ya uvimbe, kwa kuwa wanawake weusi hupata zaidi ile isiyo na kipokezi chochote kati ya vitatu vinavyopimwa. Kipokezi ni kama mlango ambao seli hupokelea ishara ya kukua, na aina isiyo nacho haisikii vidonge vya kuzuia homoni. Sehemu nyingine ni bima, umbali, na nani anasikilizwa akisema ana uvimbe.

Kisha kuna suala la umbali ambao ugonjwa umeshasafiri. Kwa hesabu za Marekani, ukikutwa ndani ya titi tu, walio hai baada ya miaka 5 ni zaidi ya 99 kwa 100. Ukishafika kwenye tezi za kwapa, ni 87 hivi. Ukiwa umeshatua kwenye mifupa, ini au mapafu, ni theluthi moja tu. Asilimia hizo zimeshaondoa wale ambao wangekufa kwa uzee au ajali hata kama wasingeugua. Mgonjwa hulinganishwa na wanawake wa rika lake. Kwa hiyo 99 haimaanishi kwamba wanawake 99 wanapumua. Maana yake ni kwamba wanaishi karibu sawa na wenzao wasiougua.

Ukisoma hivyo unasema basi, dawa ni kugundua mapema, tumemaliza. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka nilipokutana na mtego uliomo ndani ya namba yenyewe. Chukua wanawake wawili, mapacha kabisa kwa ugonjwa wao. Uvimbe wao umeanza siku moja, na wote watakufa wakiwa na miaka 57. Wa kwanza anapimwa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, akiwa na miaka 50, anakutwa nao. Wa pili anaugusa mwenyewe akiwa na miaka 54. Wa kwanza ameishi miaka 7 tangu agunduliwe, kwa hiyo kwenye takwimu ya miaka 5 amenusurika. Wa pili ameishi miaka 3, hakunusurika. Wamekufa siku moja! Kilichoongezeka ni muda wa kujua, si muda wa kuishi.

Mtego wa pili ni mchungu zaidi kuueleza. Kuna saratani nyingine ndogo, za polepole, ambazo mwenyewe angezeeka nazo na kufa kwa jambo jingine bila hata kujua. Kipimo kikizikuta, anakatwa, anachomwa mionzi, anahesabiwa kati ya walionusurika, na asilimia inapendeza. Mwaka 2012 jopo huru la wataalamu Uingereza lilikadiria kwamba katika kila wanawake 10,000 wanaoitwa kwenye uchunguzi kuanzia miaka 50 kwa muda wa miaka 20, vifo 43 vinazuiwa, na wanawake 129 wanatibiwa saratani ambayo isingewahi kuwasumbua. Hakuna anayejua yeye ni kati ya wale 43 au hao 129. Wote hushukuru. Bado nawaambia wanawake wa umri huo waende wakapime, ila nawaambia na hizo namba mbili, maana mtu mzima hafichwi bei.

Ndiyo sababu ukitaka kujua kama tunaushinda ugonjwa huu, usitazame asilimia ya wanaonusurika peke yake. Tazama vifo kwa kila wanawake 100,000, umri ukiwa umesawazishwa ili nchi ya wazee na ya vijana zilinganishwe kwa haki. Tarehe ya kifo haibadiliki kwa sababu tu mashine imeuona ugonjwa mapema. Na kwenye hesabu hiyo habari ni njema kweli: katika nchi tajiri vifo vimeshuka kwa asilimia 40 tangu miaka ya 1980 mpaka 2020. Mashine zina sehemu yao. Sehemu kubwa ni ya dawa: tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1977, kemotherapi iliyopangwa vizuri, na trastuzumabu ya mwaka 1998, ambayo iliugeuza uvimbe wa aina ya HER2, yaani wenye kipokezi cha jina hilo kupita kiasi, uliokuwa ukiogopwa kuliko karibu yote, ukawa ugonjwa wenye tiba yake. Wapasuaji nao walijifunza kupunguza kisu. Kwa miongo mingi walifuata njia ya mpasuaji Mmarekani William Halsted, ya kuondoa titi na misuli ya kifua chini yake, mpaka mpasuaji mwenzake wa Marekani, Bernard Fisher, alipoonyesha mwaka 1985 kwamba kutoa uvimbe tu na kufuatisha mionzi kunampa mwanamke umri uleule.

Dada hakukosa bahati ya kugunduliwa mapema kwa sababu ya kuchelewa kwake. Aliwahi. Aliugusa uvimbe akioga, akiwa na miaka 44: kitu kigumu kama kokoto lililozama kwenye udongo mbichi, hakiumi hata ukibonyeza. Daktari wa kwanza alimwambia ni maziwa yameganda, ingawa mtoto wake mdogo alikuwa shule ya sekondari. Alipokwenda kwingine wakamchoma sindano kuchukua kinyama cha kupima, na majibu yakakaa wiki 6. Tulikuwa tukipiga simu, tunaambiwa bado. Siku tulipokwenda wenyewe, yule binti wa mapokezi alifungua droo, akapekua, akatoa bahasha. Tarehe ya juu ilikuwa ya mwezi uliopita. Hakuna aliyekosea kwa ubaya. Bahasha ilikaa tu, kama bahasha zinavyokaa.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza mwaka 2021, limeweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vyote vya kuthibitisha vikamilike ndani ya siku 60, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu. Siku 60! Zetu zilipita 100 tukiwa bado tunatafuta bahasha. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 8 hivi. Sikumsomea dada hiyo. Nilikaa nayo peke yangu siku kadhaa, na mpaka leo nikiona droo iliyojaa bahasha moyo hunienda mbio.

Karatasi ya pili ilikuja baada ya upasuaji, na hii tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari, kidole chake kikitangulia. Uvimbe sentimita 2.4. Tezi zilizotolewa kwapani 14, yenye saratani 1. Daraja la seli, yaani zilivyoharibika zikitazamwa kwa hadubini, la pili kati ya matatu. Vipokezi vya estrojeni, ile homoni ya kike, vipo. HER2, hakuna. "Basi huyu ndiye mimi," akasema. Na kweli, mistari hiyo mitano ilijibu "ya nani" kuliko kitu chochote nilichowahi kukitafuta kwenye simu. Tisini ile ilikuwa mchanganyiko wa wanawake wa kila namna, wazee na vijana, wenye uvimbe wa milimita 5 na wenye ugonjwa ulioshafika kwenye uti wa mgongo, wakachanganywa wakapimwa wastani. Halafu walikuwa wa jana. Ili kujua nani amefikisha miaka 5, lazima awe alitibiwa miaka 5 iliyopita au zaidi, kwa dawa za wakati ule.

Alipofikisha mwaka wa tano nilimpigia simu alfajiri kumpongeza. Nilidhani tumevuka. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwani nimefika wapi?" Daktari wake alikuwa amemwambia aendelee na vidonge vya kuzuia homoni, pengine mpaka miaka 10. Nikarudi kusoma, na nikaona kwamba ile tano ni alama waliyoichagua wahesabuji, si ugonjwa. Saratani isiyo na vipokezi, ikirudi, mara nyingi hurudi miaka ya mwanzo, na mwenye nayo akipita hapo hupumua. Ile inayokula homoni, kama ya dada, ina subira. Wanawake waliofuatiliwa kwa miaka 20 walionekana wakirudiwa na ugonjwa mwaka baada ya mwaka, hata baada ya kumaliza vidonge vya miaka 5. Kwa wenye tezi nyingi zilizoathirika na uvimbe mkubwa, watu 4 kati ya 10 ugonjwa uliwatawanyikia kwenye viungo vingine kati ya mwaka wa 5 na wa 20. Kwa wenye uvimbe mdogo usiofika kwapani, ilikuwa kama mmoja kati ya 8. Dada yuko katikati ya hao. Vidonge vinamchosha magoti na kumwamsha usiku akitokwa jasho, na huvimeza akiwa amesimama, bila kuvitazama.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake alipokuja mwanamke mmoja anayemfahamu kwa mbali, ametumwa na mtu. Hakuwa hata ameketi sawasawa. Macho mekundu, mkoba ameukumbatia kifuani. "Dada," akasema, "wewe ulipita huku. Niambie ukweli, ni asilimia ngapi?"

Dada alinitupia jicho, mara moja tu. Kisha akasogeza kiti chake, akanyoosha mkono.

"Karatasi unayo?"

Yule mwanamke akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Dada akaifungua juu ya goti, akailainisha kwa kiganja, akavaa miwani.